Mtama wa Bwana Yoramu

Baraza ya Nabhan, muuza kahawa wa mtaa wa Ng'ambo huku Unyamwezini, ina benchi moja la mninga, na nafasi tulishagawana bila kikao: Thabit, tunayemwita Redio, karibu na birika; Mabruki fundi makanzu, yaani Profesa, katikati; mimi pembeni. Ilikuwa alasiri ya kungoja mvua, miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, macho yamelegea kwa mvuke wa kahawa. Tulibishania kituo cha utafiti wa mbegu. Kimepakwa chokaa, kimeletewa trekta, ila mtafiti wake, Bwana Yoramu, hayupo.

— Kapelekwa Ulaya, alisema Redio. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Acha fiksi! Kahamishiwa kwenye chai, alisema Profesa. Mtu akishaujua mtama, wanamhamisha asije akauzoea.

— Na mtama wenyewe? niliuliza.

— Ataletwa bwana wa pamba aushike, alijibu Profesa. Haba na haba hujaza kibaba.

Nabhan akatikisa birika.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walimpa, akatoroka.

Profesa akafumba macho kabisa.

— Hakwenda popote yule. Amelala chini ya shamba la majaribio, anasikiliza mbegu. Nikipita jioni nasikia zinanong'ona.

— Kinyamwezi?

— Mbegu za serikali, Redio! Kiswahili fasaha.

Tukacheka. Ndipo akasimama mbele yetu mama mmoja, miguu vumbi tupu, kibuyu kichwani.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama. Watokea wapi?

— Ziba. Naitwa Kashindye. Kituoni nimekuta kufuli. Bwana Yoramu alinipa mbegu ya mtama. Akasema nipande, nisile, nimletee apime. Jua likaunguza mashamba yote, huu uliomo kibuyuni ukazaa.

— Mkala nini? aliuliza Nabhan, taratibu.

— Mizizi ya porini. Watoto walikuwa wanakililia hiki kibuyu, nikakificha darini.

Ngurumo ikapita mbali, upande wa Ziba.

— Kijiji kinaningoja, akasema. Mvua ikinyesha tuupande tu, au tumsubiri wa kuupima?

Redio alitazama ndani ya kikombe. Profesa alifumbua macho. Nabhan akainua birika ammiminie mgeni; likatoa mashapo ya kahawa matupu.

Tone la kwanza likaanguka juu ya kibuyu. Kashindye akakifunika kwa kanga yake, akaendelea kututazama.