Sahani Aliyoila Machano Ame

Assalamu alaykum. Mimi Hamad Ame, mdogo wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuyasoma maisha yake, nami nitayasoma yote, atakayekereka mlango uko wazi.

Machano Ame Simai alizaliwa Bwejuu tarehe 3 Machi 1928, akasoma Kurani chuoni huko huko, kisha skuli mjini toka 1937 hadi 1944, na mwaka 1950 akaajiriwa hospitali kufagia maabara, mpaka wenye vyeti walipoondoka mwaka 1964, naye, aliyejifunza kwa kuchungulia, akaachiwa hadubini. Alimuoa Bi Mwatima Mcha tarehe 9 Juni 1951, wakajaaliwa mtoto mmoja, Tabia.

Kila alipokaa barazani aliwaelezeni kwamba kidudu cha maradhi hakihitaji mume wala mke, hurefuka, kikatoa nakala ya asili yake, kikakatika katikati, vikawa viwili vizima, na ndani ya chakula chenye uvuguvugu hufanya hivyo kila dakika ishirini, hata kimoja cha adhuhuri kikapita milioni mbili isha inapoadhiniwa. Mkamwita Mkunga wa Vijidudu, na wewe Bi Mwanakheir, uliyekaa hapo mbele, ukamuuliza lini tutaalikwa harusi yao.

Tarehe 14 Agosti 1971 Tabia aliolewa na mwanao, hapa Kiembe Samaki, na asubuhi ya pili, kama ilivyo ada, mkawaletea wazazi wa bibi harusi sahani yao, wali wa nazi na pweza, uliopikwa jana yake mchana ukalala chini ya kawa. Machano aliunusa, akaomba radhi asile, akaambiwa anayeikataa sahani amchukue na bintiye. Basi yeye, aliyeijua hesabu ile kuliko sote, akajifanya mlafi, akaivuta sahani kwake, asimwachie mkewe hata tonge, na watu wakaangua kicheko.

Jioni ile alishikwa na tumbo, akalazwa, akafariki Jumanne tarehe 17, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, wenzake wa maabara walioyapima makombo na kutuandikia walichokiona, na majirani waliochimba kaburi. Nimeandikiwa hapa niwashukuru na wakwe wa Tabia, mstari huo nimeuruka. Tabia atarudi kwa mumewe kesho, kwa kuwa ndilo alilolitaka baba yake, na atakayemsimanga atanikuta mimi.

Nami sitaficha, siku ile nilicheka pamoja nao. Pumzika, kaka yangu, kwa amani tuliyokunyima ulipokuwa hai.