Raili Orvokki Heikura, Aliyemzamisha Jirani Yake Kinamasini

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi watoto mliojazana mabenchi ya nyuma na vitabu mapajani, familia imenipa mimi, Aune, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea historia hii, kwanza kwa sababu ndimi niliyebaki ninayekumbuka mwanzo wake, na pili kwa sababu marehemu aliagiza kwamba msomaji awe mtu asiyeogopa kucheka kanisani.

Marehemu Raili Orvokki alizaliwa Jumanne tarehe 3 Februari 1948, kijijini Kaarnavaara, mkoani Kainuu, hapa hapa Ufini, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Eero Moilanen, mkata magogo, na mama Hilja. Alizaliwa ndani ya sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke nyuma ya nyumba, kwa kuwa ndicho chumba kilichokuwa safi na chenye joto kuliko vyote, na mama yetu alikuwa akisema kwamba kichanga kilitoka na uso mwekundu na hasira za mtu aliyekatizwa hadithi katikati.

Alianza shule ya kijiji mwezi Septemba 1955, akiteleza kwa skii kilomita nne asubuhi na kurudi nne mchana miezi yote ya theluji, na huko ndiko balaa lilikoanzia. Mwaka 1957 darasa lilipewa insha ya jinsi mtoto alivyowasaidia wazazi nyumbani, naye akaandika kwamba alimvuta mchungaji wa wakati huo kutoka kinamasini kwa kamba ya soseji, akatoka mzima isipokuwa suruali, na mwalimu akaisoma kwa sauti bila kuipitia kwanza, siku ambayo mchungaji mwenyewe alikuwa ameketi nyuma ya darasa akingoja kupima katekisimu. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akauliza tu kama katika insha ijayo angeweza kuokolewa pamoja na suruali yake. Raili alimaliza shule mwezi Mei 1963, akiwa na alama nzuri za uandishi na alama za mwenendo ambazo familia imeamua kutozitaja.

Kuanzia mwaka 1964 hadi 1973 alifanya kazi kiwandani, akiosha makopo ya maziwa, kisha akapata leseni ya magari makubwa, na tarehe 7 Januari 1974 akakabidhiwa usukani wa basi la maktaba la wilaya yetu, lile la njano, akaliendesha kwa miaka thelathini na saba, mpaka alipostaafu tarehe 28 Februari 2011, na katika muda wote huo hakuwahi kukosa kituo, ingawa mara mbili alifika akiwa amevutwa na trekta.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 21 Juni 1969 na Tauno Heikura, fundi wa matrekta. Tauno alikuwa amemposa mwezi Oktoba uliotangulia, kwa maneno ambayo yeye aliyahesabu kuwa hotuba: "Nina nyumba, na paa halivuji." Raili akamjibu, "Nitakuja kuangalia." Akasubiri miezi saba, mpaka mvua kubwa ya Mei, akaenda, akaketi katikati ya sebule saa nzima ameinua uso, kisha akasema, "Sawa, halivuji." Mungu aliwajalia watoto wawili, Outi, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1971, na Jarmo, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1975, na wajukuu watano, ambao wote wanasoma wakila, tabia waliyoipata kwa bibi yao.

Sasa tuje kwenye vitabu. Vuli ya mwaka 1983 mtoto mmoja wa miaka kumi, Sirkku, alirudisha kitabu kwenye basi akiwa amenuna, akamwambia, "Vya kuchekesha nimevimaliza vyote, Mama Raili. Vilivyobaki vina mafunzo." Raili alirudi nyumbani amechukia kama aliyetukaniwa basi lake, akafuta meza ya jikoni, akaanza kuandika, na mwezi Oktoba 1986 kikatoka kitabu cha kwanza, habari za Impi, msichana wa miaka kumi na mmoja, na bibi yake mwenye nyonga mbovu, wanaomfukuza Bwana Kofia juu ya ziwa lililoganda kwa kigari cha theluji kilichofungwa injini ya msumeno. Bwana Kofia alikuwa mwizi wa sauna, na haibi kilichomo ndani, bali huiba sauna nzima, anaikokota kwa trekta na waogaji wamo ndani na ndoo zao.

Huyu Bwana Kofia alivaa kofia ya manyoya yenye masikio kiangazi na kipupwe, alitembea na rula ya mbao ya kukunja mfukoni, na kila akirudisha trekta nyuma aliimba wimbo wa kanisani kwa pua, na haikupita wiki kijiji kizima kikajua kwamba huyo ni mzee Oiva Leinonen, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Oiva mwenyewe hakusema kitu, lakini Oiva asiposema kitu, hiyo si habari.

Hata hivyo dhamiri ilimsuta Raili. Alijiona amemuanika mtu mwema mbele ya mkoa mzima, na badala ya kuvuka barabara akamwomba radhi, jambo la hatua hamsini, akachukua njia ndefu: katika kitabu cha pili, kilichotoka mwaka 1988, alimzamisha Bwana Kofia kinamasini, ukurasa wa mia na arobaini, ikabaki kofia peke yake juu ya matope, ili mambo yaishe na jirani apumzike. Akadhani amemsitiri.

Tangu hapo mzee Oiva aliacha kusema na Raili, na kwa kuwa kawaida yake ilikuwa maneno kumi kwa mwaka, ilituchukua miaka mitatu kugundua. Aliyegundua ni Tauno, mwaka 1991, tukiwa tunakunywa kahawa, alipoweka kikombe chini na kusema, "Raili, Oiva hainui kidole." Barabara zetu mnazijua, madereva wakipishana kila mmoja huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na asiyekuinulia kidole amekufuta katika dunia ya walio hai.

Tukakubaliana kwamba ana hasira za kuitwa mwizi, na kwa hiyo Raili akaapa kutomgusa tena. Akaandika vitabu vitatu vingine, akaweka wabaya wapya, daktari wa meno, mapacha wauza mbwa, hata paa mkubwa wa msituni mwenye kinyongo, na watoto wa basi wakavisoma kwa adabu, na kwa mwandishi wa vitabu vya kuchekesha, adabu ni msiba. Msichana mmoja wa darasa la nne alimwuliza Bwana Kofia yuko wapi, Raili akamjibu kwamba alikufa, mtoto akafikiri kidogo, akasema, "Basi na vitabu vyako pia." Marehemu aliendesha kilomita ishirini na mbili bila kuwasha redio, na alipofika nyumbani akamwambia Tauno kwamba anaacha kuandika, lakini kabla ya kuacha atakwenda kwa Oiva, kwa maana kumpoteza jirani na vitabu kwa pigo moja kulimshinda.

Jumapili tarehe 4 Mei 1997 alivuka barabara na mkate mtamu wa hiliki uliokuwa bado moto, na Tauno akabaki langoni kwa ajili ya usalama. Oiva alifungua mlango, akasogea, akachemsha kahawa, na kwa mujibu wa saa ya ukutani wakakaa dakika ishirini bila neno. Ndipo Raili akasema, "Oiva, nimekuja kuomba radhi. Nilikufanya mwizi."

Mzee Oiva akamjibu, "Mwizi sina shida naye." Akamimina kahawa, akakata mkate, akatafuna mpaka ukaisha. "Umenizamisha."

Akainuka, akaleta kitabu cha pili, kimekunjwa pembe ukurasa ule ule. "Mimi na kinamasi! Nimelima kinamasi miaka arobaini, trekta yangu haijakwama hata tairi moja, halafu wewe unanizamisha kama mtalii. Wapwa zangu wanakisoma hicho kitabu, Raili!"

Raili akasema, "Miaka tisa! Mbona hukusema?"

Naye akamjibu, "Hukuuliza."

Kisha mzee Oiva, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, alilala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni, akafungua rula yake, akailaza mbele yake juu ya matope yasiyokuwepo, akaanza kuonyesha kwa viwiko jinsi mtu mwenye akili anavyotoka kinamasini bila haraka, bila kusimama, na bila kupoteza kofia, na alipofika chini ya meza masikio ya kofia yalinasa kwenye kiti, akakiburuta. Raili alicheka mpaka Tauno, pale langoni, akadhani kuna mtu ameaga dunia, akaingia mbio na ufagio. Asubuhi iliyofuata basi la njano lilipishana na trekta ya Oiva, na kidole kikainuka.

Kitabu cha sita, Bwana Kofia Atoka Kinamasini, kilitoka mwaka 1998, na watoto walikigombania hadi mlango wa basi ukang'oka bawaba. Vikafuata vingine vinne, na kila mswada ulivuka barabara kwanza, kwa mzee Oiva, ambaye hajawahi kucheka mbele ya watu, lakini ukurasa ukimpendeza hufungua rula kipande kimoja, na marehemu alikuwa akijisifu kwamba sura fulani ya kitabu cha nane ilimfanya afungue vipande sita.

Tauno alitangulia mbele za haki tarehe 17 Novemba 2012, na mwaka 2016 marehemu alianza kusumbuliwa na ugonjwa wa kutetemeka, ambao ulianza mikononi, ukaenda miguuni, na ilipofika mwaka 2023 hakuweza tena kushika kalamu, wakati kitabu cha kumi na moja, cha mwisho, kimebakiza sura moja. Kufa hakukumtisha sana, tuseme ukweli, ila alilia mbele yetu kwa kuwaza kwamba atawaacha watoto njiani bila kujua hadithi imeishaje. Outi alijitolea kumwandikia, Jarmo akaleta kifaa cha kurekodi, marehemu akakataa yote, mpaka asubuhi moja ya Septemba mzee Oiva alipovuka barabara na penseli ya useremala nyuma ya sikio la kofia, akaketi kando ya kitanda, akasema, "Haya."

Wakafanya kazi hiyo kila siku saa nne asubuhi, na kugombana pia kila siku. Marehemu alitaka Bwana Kofia akamatwe mwishoni, kwa kuwa vitabu lazima viwe na haki, na Oiva akaweka penseli chini, akaondoka, asionekane siku nne. Siku ya tano alirudi, akasema bado yuko mlangoni, "Jela siendi. Kwa uzee huu?"

Raili akamwuliza, "Basi unataka nini, mzee mkaidi wewe?"

"Nizirudishe."

Na ndivyo kinavyoisha, watoto, na mtatusamehe kwa kuwaambia mapema: Bwana Kofia anarudisha sauna zote juu ya barafu, moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake alipopima kwa rula, na ya mwisho, ya bibi yake Impi, inafika na moshi unatoka, maji yamekwisha chemka. Neno la mwisho liliandikwa tarehe 19 Desemba 2023.

Tarehe 27 Desemba marehemu alilazwa kwa homa ya mapafu, na tarehe 5 Januari 2024 akarudishwa nyumbani kwa ombi lake. Tulipofika tulikuta njia imefagiliwa theluji hadi kwenye sauna yake, na moshi unatoka, na hakuna aliyesema ni nani aliyeiwasha. Watoto wake walimbeba, akakaa benchi la chini dakika kumi, akafumba macho, akasema, "Nimerudishiwa." Alifariki Jumanne tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi, siku na saa ambayo basi lake lilikuwa likisimama Kaarnavaara, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia masahihisho yake kwenye maandishi yao, wafanyakazi wenzake wa maktaba, wakiongozwa na Sirkku, ambaye leo ndiye anayeendesha basi la njano, na majirani wote mlioleta kahawa, mikate na kuni. Na tunamshukuru mzee Oiva Leinonen. Gari lililombeba marehemu liliposhuka kutoka nyumbani, trekta yake ilikuwa imesimama langoni, nasi tulitazamia kidole, lakini mzee alivua kofia, akainua mkono mzima, akauweka hewani mpaka gari lilipopinda kona, na Jarmo, aliyekuwa akifuata nyuma, ilimbidi asimamishe gari kwa kuwa machozi yalimzuia kuona barabara. Mzee yuko benchi la pili, kofia iko mapajani, na ninyi mnaokitazama kichwa chake kwa mara ya kwanza mnaombwa kutazama mbele.

Dada yetu mpenzi, kitabu kimeisha, na watoto wamekwisha anza kucheka huko nyuma. Pumzika kwa amani, Raili, na ukikuta kinamasi huko uendako, lala kifudifudi, usiwe na haraka, yupo jirani atakayekuja na rula.