Maneno Ambayo Bi. Aikande Hakuyaandika

Bi. Aikande Sumari anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandika mihtasari ya vikao vya halmashauri yetu. Amefanya kazi na wenyeviti saba na hajachelewa kikao hata kimoja. Wenyeviti hatuwezi kuwasemea.

Kanuni yake ilikuwa moja: kilichosemwa kinaandikwa. Madiwani wengi walimfuata ofisini wakimbembeleza afute maneno yao ya kikao kilichopita. Aliwakaribisha chai, akawasikiliza mpaka mwisho, na hakufuta.

Wengi tutamkumbuka kwa ajenda ya dawa za kulevya. Mwaka 2015 Mheshimiwa Elieshi alileta hoja ya kufungua kituo cha tiba kwa waraibu pale Daraja Mbili. Mheshimiwa Sifaeli alipinga, akitaka wote wakamatwe wakaozee gerezani, mtaa upumue. Hoja ikaahirishwa. Waliendelea kubishana hivyo kwa miaka tisa, kwa maneno yaleyale, na mama Aikande akayanakili kila mara kana kwamba ni mapya.

Siku moja Mheshimiwa Sifaeli aliweka fungu la mirungi mezani kama ushahidi. Muhtasari wa baada ya chai unasema: "Kielelezo kilikutwa kimepungua. Kikao kiliendelea." Hakuna aliyehojiwa, ingawa alasiri ile wajumbe walichangia zaidi kuliko kawaida.

Ambacho hatukukijua wakati huo ni kwamba Emmanuel, mwana wa pekee wa mama Aikande, alikuwa mmoja wa hao waliokuwa wakijadiliwa. Hayo ya kuozea gerezani aliyaandika kwa mwandiko wake uleule mzuri. Sisi tuliokaa naye chumba kimoja tunaona aibu kwamba hatukugundua.

Machi 2024 hoja ilikuwa inakaribia kuahirishwa tena. Mwenyekiti akamgeukia, akamuuliza imeshaahirishwa mara ngapi. Mama Aikande alisimama, akajibu kuwa ni mara kumi na nne. Kisha akasema kwamba mara ya kwanza mwanawe alikuwa na miaka kumi na tisa, sasa ana ishirini na minane, na angependa kituo kimkute akiwa hai. Akaketi, akachukua kalamu. Kura zikapigwa, hoja ikapita. Mheshimiwa Sifaeli alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono kuikubali, macho yakiwa mezani.

Kituo kilifunguliwa Oktoba. Emmanuel ametimiza miezi minane bila kutumia, na ndiye atakayemsaidia mama yake kwenye kahawa na migomba huko miteremko ya Meru.

Tumeutafuta muhtasari wa siku ile ya kura. Karani si mjumbe, na maneno yake hayaingizwi, kwa hiyo mahali hapo ameandika tu: "Ufafanuzi ulitolewa." Ndiyo maana tumeyaweka hapa.

Asante sana, mama. Mungu akupe siha, kahawa izae, na Emmanuel awe nawe miaka mingi. Sisi wenzako tuliokuwepo tunathibitisha kwamba maneno hayo yalisemwa.