Msomaji wa Ukurasa wa Tisini na Mbili

Niliyaona haya kwa macho yangu mawili, na anayebisha aje nimwonyeshe alama ya makalio yangu kwenye benchi. Benchi lenyewe limeegemea kibanda cha Fundi Viatu, na kila asubuhi kahawa huzunguka hapo. Siku hiyo Fundi alikuwa kapakata kiatu cha mama mmoja mgeni, aliyekaa pembeni mguu mmoja peku. Mkono unashona, moyo uko kwenye simu. Binti yake, mwalimu wa chuo kikuu ng'ambo, alikuwa ametuma ujumbe, na Redio, asiyeweza kulala na habari tumboni, ndiye aliyeusoma kwa sauti.

— "Shikamoo baba. Kile kitabu changu cha makubazi ya Wayunani wa kale, chuo kimekifungua mtandaoni. Zamani kilifungiwa kwenye maktaba kubwa kubwa. Sasa yeyote anakisoma bure. Wasomaji ni wachache mno, nilishakata tamaa ya kuandika. Lakini hesabu inaonyesha kila alfajiri mtu mmoja huko nyumbani anakifungua. Kwa ajili ya huyo mmoja, naanza cha pili. Nitafutie mtu huyo nimshukuru."

Fundi akajidunga sindano.

— Bure? akadakia Kamanda, mlinzi mstaafu. Hapo pana mtego. Huyo ni jasusi!

— Jasusi wa makubazi? akauliza Redio.

— Wa kiwanda! Anaiba ramani ya kubazi la kale, mwezi ujao unaliona dukani.

— Kamanda, umelinda geti miaka thelathini, kila mtu kwako mwizi. Huyo ni mchumba. Mwanamume hasomi kurasa mia tatu za ngozi bila kuwa na posa mfukoni.

— Basi ni Myunani mwenyewe, akajibu Kamanda, hajafa. Anatafuta kubazi lake la kushoto!

— Ni mimi, akasema Fundi.

Vikombe vikasimama hewani.

— Lugha yenyewe siijui. Nafungua ukurasa wa tisini na mbili, natazama picha, nafunga, naenda zangu kunawa uso.

Akatuonyesha kwenye simu: soli iliyochakaa karne na karne, na kando yake mshono umechorwa upya.

— Wataalamu walishindwa kujua huu mshono ulipitaje. Binti yangu akaujua, maana nilimfundisha hapa hapa akiwa na miaka tisa. Sasa nikimwambia msomaji wake ni baba yake asiyejua kusoma, si ataweka kalamu chini?

— Nyamaza kimya, akanong'ona Redio. Sema umemtafuta, hukumpata.

— Au tumtungie mtu, akasema Kamanda. Awe daktari, mwenye miwani.

Yule mama wa mguu peku akakohoa.

— Samahanini kaka zangu. Kati ya wote waliokifungua hicho kitabu, nani mwingine angejua kama mshono kaupatia?

Redio akachungulia kikombe chake. Kamanda akaomba kahawa. Birika lilikuwa tupu.

Fundi akafuta mikono kwenye aproni, akabonyeza simu arekodi.

— Marahaba mwanangu. Msomaji nimempata, ni baba yako. Ukurasa wa tisini na mbili umeupatia. Ila pale mwisho uzi ulifaa urudi nyuma mara mbili. Hilo liweke kwenye cha pili.

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Yote haya ni kweli tupu. Hilo la sauti tu ndilo nimelitia mwenyewe.