Wakwezi wa Marehemu Kornelio Mchopa

Marehemu kaka yangu, Kornelio Mchopa, alizaliwa tarehe 12 Machi 1902 huko Lukuledi, Masasi, mtoto wa kwanza wa mzee Apolinari. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, vita vilipoifunga mwaka 1916. Ninayesoma haya ni Fransis, mdogo wake.

Mwaka 1923 alifika hapa Mbweni, akawa mkwezi katika shamba hili la minazi. Alifunga ndoa na Sesilia tarehe 7 Mei 1927. Shemeji anasema hajawahi kuona mtu mwenye wasiwasi kama mumewe. Nazi ikidondoka nje wakati wa misa, marehemu alikuwa ameshasimama kwenda kutazama, padri akimkodolea macho.

Wasiwasi huo ulikuwa na chanzo. Mwaka 1934 alifanywa msimamizi. Asubuhi moja ya Aprili 1936, mkwezi mgeni ambaye kaka alikuwa akimfundisha, Gaspar, alimwambia, "Fundi, mie leo sipandi." Kaka akadhani ni uvivu, na kwa kuwa wenzake walikuwa wakitazama, akamwamuru apande. Gaspar akaanguka, akavunjika nyonga. Yupo hapa leo na fimbo yake. Kaka alimfuata kwao kumwomba radhi, kisha akaweka utaratibu: atakayesema leo sipandi apewe nazi za kufua, asiulizwe kwa nini. Gaspar akarudishwa kazini kuwafundisha wageni kufunga kamba ya miguuni. Mashamba ya jirani hubadilisha watu kila msimu. Sisi tuna wakwezi kumi na tisa, na wengine wamemaliza miaka kumi na mitano.

Agosti mwaka huu tumbo lilianza kumvimba. Alilazwa wiki tatu hospitali ya mjini, akarudishwa nyumbani. Kila mvua ilipopiga paa aliuliza, "Nani yuko juu?" Nasi tukamjibu hakuna, hata siku ambazo hatukujua. Alifariki Jumanne, tarehe 17 Novemba 1953.

Ameacha mjane, mabinti wawili, Tekla na Margareta, wajukuu wanne, na hao wakwezi, ambao tangu jana wamefunga mizigo yao. Jana hiyo hiyo mwenye shamba, Bwana Jamali, alinipa kazi ya kaka, akasema, "Ule mtindo wake uzikwe naye. Lori linakuja Ijumaa, na minazi yote iwe imeshaanguliwa." Nikajibu, "Ndiyo, bwana." Wakwezi walikuwa karibu, wakasikia. Nina watoto sita, naogopa kufukuzwa. Lakini naogopa zaidi kumwona mtu akianguka kwa amri yangu.

Bwana Jamali, uko hapa mbele yangu. Nisamehe, jana nilikujibu vibaya. Kesho atakayesema hapandi, hapandi, nami sitamuuliza.

Mungu ampokee kaka yetu, ampe usingizi alioukosa.