Mzee Mfuko na Kopo la Vifungo

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka mtu aliyenifukuza dukani kwake mara mbili. Mara mbili, nami nilikuwa mteja mwenye haja. Mtaani walimwita Mzee Mfuko. Alikuwa mtabibu wa dawa za asili za Kichina, miaka thelathini na minne, duka moja, mtaa mmoja. Ametutoka wiki mbili zilizopita akiwa na miaka sabini na tisa. Alifariki akiwa kitini kwake, baada ya chakula cha mchana. Mkewe anasema hata kikombe cha chai hakikumwagika.

Duka lake lilibanwa katikati ya fundi cherehani na fundi saa. Ukiingia, ukuta mzima ni droo. Droo ndogo za mbao, mia moja na ishirini, kila moja na kibandiko chake. Mna mizizi, maganda, maua makavu, mbegu. Harufu yake ilikuwa inakuganda kwenye nguo mpaka unaporudi nyumbani watu wanakuuliza ulikuwa wapi. Juu ya kaunta kulikuwa na mizani, karatasi za kufungia na kibao cha maneno mawili: LETE MFUKO.

Mimi kibao sikukisoma. Nilikuwa na kichwa kinachouma kila siku, nikataka dawa, basi. Mzee akaniambia nitoe ulimi. Akautazama. Akaniwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo. Halafu akauliza, "Mfuko uko wapi, mwanangu?"

"Mfuko gani, mzee?"

"Wa kila unachomeza. Vidonge, vitamini, chai za kupunguza tumbo. Vyote."

Nikamwambia mimi simezi kitu. Akanirudisha nyumbani. Kesho yake nikaja na vidonge viwili mkononi. Akanitazama jinsi mama anavyomtazama mtoto mwenye sukari mdomoni, akanirudisha tena. Siku ya tatu nilikuwa nimekasirika. Nikabeba kila kitu, nikamwaga mfuko mzima juu ya kaunta. Akachambua kimoja kimoja, miwani ikiwa puani. Mle mlikuwa na vidonge vya maumivu nilivyokuwa nameza kila siku kwa miezi minne. "Kichwa chako kimechoshwa na dawa ya kichwa," akasema. Hakuniuzia hata jani. Alinipa barua niipeleke kwa daktari wa hospitali, na daktari akanithibitishia hayo hayo. Mganga wa aina gani huyu anayefukuza wateja? Ndivyo nilivyojiuliza. Ndipo nikaanza kumpenda.

Alijifunzia wapi? Alipokuwa kijana aliajiriwa na daktari mmoja wa Kichina, mama mfupi asiyependa maneno mengi. Kazi ilikuwa kufagia na kukata mizizi. Alikaa miaka kumi na mmoja. Yule mama alimfundisha kwamba katika utabibu wao mwili ni mizani. Kuna joto na baridi, kuna nguvu inayozunguka mwilini, na ugonjwa ni mizani iliyoelemea upande mmoja. Ndiyo maana wanasoma ulimi na mapigo. Ndiyo maana dawa yao mara nyingi si mmea mmoja, ni mchanganyiko, huu unavuta, huu unatuliza. Na sindano zile nyembamba, za kuchoma sehemu maalumu za mwili, lazima ziwe mpya, zifunguliwe mbele ya macho yako. Baadaye Mzee alifanya mitihani, akapata leseni, akaitundika ukutani. Alikuwa akisema, "Asiye na leseni ukutani usimpe ulimi wako." Na mtu akimwambia dawa hizi hazina madhara kwa sababu ni za asili, alikuwa na jibu lake: "Hata nyoka ni wa asili, ndugu yangu."

Lakini wasikilizaji wapendwa, hicho kibao cha mfuko hakikuwepo tangu mwanzo. Kililetwa na jambo lililotokea nyumbani kwake, na mkewe ameniruhusu nilieleze.

Ni miaka kumi na tisa sasa. Siku hizo Mzee alikuwa anauliza kwa mdomo tu. "Unatumia dawa nyingine?" Mteja anajibu hapana, anapimiwa, anaondoka. Nyumbani hata hakuuliza. Atamuuliza nini mkewe, wakati wanakula sahani moja?

Kumbe mama huyo alikuwa anakwenda hospitali ya mbali, kwa siri. Moyo wake ulikuwa unadunda bila mpangilio, akapewa vidonge vya kuzuia damu isigande. Akavificha. Ana kopo la zamani la biskuti analowekea vifungo vya nguo. Vidonge vikaenda chini, vifungo juu.

"Nilisema, mke wa tabibu akionekana kwenye foleni ya hospitali, watu watasemaje?" mama ananieleza. "Nilikuwa namlindia jina lake. Ujinga mtupu."

Mzee akamwona mkewe amechoka, uso umepauka. Kwa mapenzi yake akamchemshia mzizi unaoitwa danggui, ambao hutumika sana kwa wanawake waliochoka. Mzizi ni mzuri. Vidonge ni vizuri. Viwili hivyo pamoja, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Zikatoka alama za bluu mikononi. Fizi zikavuja. Asubuhi moja pua ikaanza kutoka damu na haikusimama. Alilazwa siku sita, na siku mbili za kwanza hakuna aliyejua kama atarudi nyumbani.

Binti yao ni mfamasia, hospitali hiyo aliyolazwa mama. Ndiye aliyekwenda nyumbani kutafuta sindano ya kushonea gauni la mama yake, akafungua kopo, akaviona vidonge. Alimkuta baba yake kwenye benchi la wodini. "Nilimwambia maneno mabaya," binti anakumbuka. "Nilimwambia, baba, watu baki unawauliza, mama yangu hukumuuliza. Nikamwambia sitakanyaga tena duka lako."

Mama alipona. Nasema tena, mama alipona, na leo anacheka kunizidi. Lakini binti alikuwa haendi dukani. Mzee akafunga duka mwezi mzima. Halafu siku moja akapanga foleni kwenye dirisha la dawa la hospitali, pamoja na wagonjwa, akiwa na daftari. Zamu yake ilipofika akalisukuma dirishani. Alikuwa ameandika majina ya droo zote mia moja na ishirini. Akasema, "Nifundishe, mwanangu. Zipi zinagombana na dawa zenu?"

Binti anasema alilia pale pale dirishani, na foleni ikangoja.

Kuanzia hapo kila Jumamosi alikuwa dukani kwa baba yake. Walipitia droo moja baada ya nyingine, yeye na vitabu vyake, baba na vyake. Droo yenye ugomvi na dawa za hospitali, au ya hatari kwa mjamzito, au kwa mwenye figo au ini bovu, ilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Uzi alitoa fundi cherehani wa jirani. Droo arobaini na moja zilipata uzi. Na kibao kikapigwa ukutani, kwa sababu mdomo husahau na mdomo huona aibu.

Hadithi ingeishia hapo. Lakini waliosema kinyozi hajinyoi walimjua Mzee Mfuko.

Miaka miwili iliyopita alilazwa. Presha ilikuwa juu, miguu imevimba, na vidonge havikusaidia. Madaktari walikuna vichwa. Walikuwa wanataka kumwongezea dawa. Daktari wa zamu, kijana ambaye hakumjua hata kidogo, akamwambia, "Mzee, naomba nione kila unachotumia nyumbani." Mzee akatabasamu. Akamwonyesha mkewe kwa kidevu. Mama alikuwa ameushika mfuko, uko tayari.

Daktari akatoa vidonge, kimoja kimoja. Mwisho akatoa kopo. Lile lile la biskuti.

Mama alikuwa ametafuta kifungo cha shati la mumewe la kwendea hospitali. Chini ya vifungo akakuta kifurushi cha karatasi, na ndani vipande vya mzizi mtamu uitwao urukususu. Akalitia kopo zima ndani ya mfuko. Mzee alikuwa na kikohozi, alikuwa anautafuna kila siku, na alikuwa anaupenda utamu wake. Ukizidisha mzizi huo, presha inapanda na mwili unavimba. Droo yake ilikuwa na uzi mwekundu. Aliufunga binti kwa mkono wake mwenyewe, na binti alikuwa amesimama hapo hapo kando ya kitanda.

Mzee alilitazama kopo. Akamtazama mkewe. Akacheka mpaka akakohoa. "Tumekwisha, mama watoto."

"Umekwisha wewe," mama akajibu. "Mimi nilikwisha zamani."

Aliacha mzizi. Wiki chache, presha ikashuka, miguu ikapungua, akarudi dukani. Alipata miaka miwili zaidi. Alikuwa akiwasimulia wateja aibu yake mwenyewe, na walipomaliza kucheka, walikuwa wanatoa hata vile walivyokuwa wamevibakiza mfukoni.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mama, tunampa pole binti, na wajukuu, na fundi cherehani na fundi saa ambao sasa wana jirani mmoja tu. Mwenyezi Mungu awape subira. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo ukitumia dawa za mitishamba, za Kichina au za popote, mwambie daktari wako. Ukitumia za hospitali, mwambie mtabibu wako, wala usiziache kwa shauri lako. Na kabla ya wote hao, mwambie unayekula naye sahani moja.

Juzi nilikwenda kuwapa pole. Kabla sijaondoka, mama alinifungulia kopo, akalimimina lote juu ya meza mbele ya binti yake. Akaturuhusu tutafute.

Vilikuwa vifungo tu.