Mzee Mrisho na Taa ya Shemeji

Tarehe 30 Juni Mzee Mrisho Bwanausi, fundi umeme wa Makao ya Wazee ya Mwambao, hapa Bagamoyo, anastaafu baada ya kutumikia miaka ishirini na nane. Anaondoka na afya njema, meno yake karibu yote, na funguo za stoo, ambazo tunaomba azirudishe.

Mzee Mrisho ni mtu wa Kaole. Alipoanza kazi, makao yalikuwa na vyumba vichache na jenereta moja lililopiga kelele kuliko wazee wote. Tangu hapo kila kinachowaka, kinachozunguka au kinachochemsha humu ndani kimepita mikononi mwake. Pasi ya chumba cha kufulia ameitengeneza mpaka ile ya mwanzo imebaki mpini tu. Feni ya ukumbini inatoa sauti kama mtu anayekataa jambo, lakini inazunguka. Kutupa kitu kinachofanya kazi kwake ni dhambi, na hata kisichofanya kazi hukiweka kwanza, ili akifikirie.

Sisi wa jikoni tunamjua kwa chai ya tangawizi isiyo na sukari. Mimi ni mwoga wa umeme. Nikisikia harufu ya kuungua, hata kama ni kitunguu changu mwenyewe, namwita. Hajawahi kunicheka mbele yangu.

Lakini kazi yake tutakayoikumbuka zaidi ni taa ya Shemeji.

Shemeji ni kasuku wa kijivu wa Bibi Klementina, yule wa chumba cha mwisho. Bibi alikuja naye kutoka Miono, na kibali cha kumfuga kwenye bahasha. Bibi hana mtoto aliye hai, na miguu haimtoi kitandani tena. Anayezungumza naye kutwa ni huyo ndege, na wanagombana kama watu waliooana zamani. Mwanzoni tundu lilikaa barazani. Kunguru wakaja, wakamvuta Shemeji mkia kupitia kwenye nyaya mpaka ukaisha, ikabidi aingizwe ndani moja kwa moja.

Tukaliweka tundu kwenye dirisha la kioo, jua likawa linampiga, tukaridhika. Siku moja daktari wa mifugo, Evelyn, alikuja kumchanja mbwa wa mlinzi, akamwona. Akatueleza kwamba kioo kinapitisha mwanga na joto, lakini ile miale ya jua inayomsaidia ndege kupata mifupa imara inabaki nje. Ndege wa ndani anahitaji taa yake maalumu, yenye miale hiyo.

Mpwa wa Bibi aliyeko Dar akaileta, na Mzee Mrisho akaifunga kama daktari alivyoelekeza. Aliiweka juu ya tundu, si ubavuni, ili isimwumize Shemeji macho, dhiraa moja kutoka kwenye kijiti anachosimamia. Nusu ya tundu akaifunika kanga, ndege akichoka na mwanga apate kivuli. Huwashwa asubuhi, ikazimwa magharibi. Nilimwuliza zaidi ya mara moja kama haitamuunguza Bibi. Alinijibu kila mara kwa upole uleule, kwamba Bibi hakai ndani ya tundu.

Mwaka ukapita, na zaidi. Mwaka jana, baada ya mfungo, Shemeji akaanza kutetemeka. Akaacha matusi, tukaingiwa na hofu. Kisha akaanguka kutoka kwenye kijiti, akalala chini ya tundu mabawa wazi. Mzee Mrisho akaja na vipimo vyake, akakagua taa, akaikuta inawaka vizuri. Akasema ndege amezeeka.

Daktari Evelyn akaitwa. Akampa Shemeji dawa ya mifupa, akaitazama taa, akauliza ina muda gani. Akasema globu za namna hii miale yake huisha mapema, mwanga ukabaki, kwa hiyo hubadilishwa kila mwaka hata kama zinawaka.

Hapo ndipo pagumu. Mtu aliyeilea ile pasi unamwambia atupe globu inayowaka.

"Daktari," akasema, "taa inayowaka si mbovu."

Daktari akamjibu kuwa hakusema ni mbovu, amesema haimsaidii ndege. Wakatazamana, kisha kila mtu akaenda zake, na globu ikabaki palepale.

Meneja wetu Oscar, ambaye si mtu mbaya, akaamua Shemeji apelekwe kwa ndugu wa Bibi huko Ubena, wenye uwanja na tundu kubwa la nje, kabla hajafia mikononi mwetu. Gari lilikuwa lije Jumamosi. Bibi hakubisha. Ila uji wake ulirudi jikoni kama ulivyokwenda, na chakula cha jioni vilevile, na uji wa kesho yake. Mimi nimelea watoto, bakuli linalorudi limejaa nalijua maana yake. Nikambebea Mzee Mrisho bakuli lile hadi karakana, nikaliweka mbele yake kati ya nyaya. Akalitazama mpaka uji ukafanya utando.

Kesho yake alikwenda Dar, akarudi na globu mpya ameizungushia shati. Akapanda ngazi, akaitoa ile inayowaka kwa mkono wake mwenyewe, na Jumamosi akasimama mbele ya gari kumwomba meneja amwachie ndege mwezi mmoja tu. Meneja akakubali, akisema akianguka tena hakuna mjadala.

Hakuanguka. Alikaa chini siku nyingi, kisha asubuhi moja akapanda kwenye kijiti, akamtazama Mzee Mrisho, akamwita mwizi. Bibi akaagiza uji, na sukari iongezwe.

Tangu hapo mgeni akiisifia taa, Mzee Mrisho mwenyewe humwambia kwamba karibu amuue Shemeji, kwa kuwa alikuwa akitazama taa badala ya kumtazama ndege.

Mwezi huu, wakati wa makabidhiano, fundi wetu mpya Adila alishauri tuweke taima, taa iwake na kuzima yenyewe. Ushauri mzuri. Tulidhani Mzee Mrisho atafurahi, maana ni mtu wa vifaa. Akakataa. Adila akamwuliza kwa adabu kama haviamini vifaa vya siku hizi.

"Itawasha, mwanangu," akasema. "Lakini nani atambishia Bibi hodi?"

Ndipo tukaelewa kwa nini kazi ya kidole kimoja ilikuwa ikimchukua muda mrefu vile kila asubuhi. Alikuwa akimwamkia Bibi, akingoja aitikiwe, kisha akivuta kigoda kusikiliza amelalaje.

Taima haikununuliwa. Tumepangiana zamu, na meneja yumo. Jumatatu iliyopita nilianza mimi. Nikabisha hodi, nikaiogopa swichi, nikaibonyeza. Bibi akauliza kama Mzee Mrisho anaumwa. Nikamwambia hapana, anajifunza kupumzika.

"Basi kaa," akasema. Nikakaa.

Mzee Mrisho, wafanyakazi wote na wazee wote wa makao tunakushukuru. Mungu akupe umri na siha, na asubuhi za kulala mpaka uchoke kulala. Chumba cha mwisho usikihofie. Kila siku patakuwa na mtu amekaa.

Mama Samia, jikoni
Kwa niaba ya wafanyakazi